Mama anayepoteza mimba asihukumiwe kabla damu yake haijapimwa vizuri

Mashariki mwa Congo, mama akipoteza mimba ya tatu, familia haikawii kutoa hukumu. Wengine wanasema amerogwa, wengine wanasema alitoa mimba kwa siri, wengine wanamrudisha kwa wazazi wake. Na kama kwenye kituo cha afya kipimo cha kaswende kimetoka pozitifu, hapo ndoa iko hatarini siku hiyo hiyo. Ni wachache wanaoelezwa kwamba damu hiyo ingeweza kusema jambo lingine kabisa.

Mwili wa mtu una askari wake, kingamwili, ambao kazi yao ni kupambana na vidudu vinavyoingia kutoka nje. Lakini kuna magonjwa ambamo askari hao wanageuza silaha na kushambulia mwili wenyewe: viungo, ngozi, figo, hata damu. Lupusi ni mmoja wa magonjwa hayo. Kati ya watu wazima 10 wanaougua, karibu 9 ni wanawake. Ugonjwa mwingine, ambao mara nyingi unaenda pamoja na lupusi, unagandisha damu ndani ya mishipa na kuharibu kondo la nyuma linalomlisha mtoto. Mimba inatoka, kisha nyingine, kisha nyingine tena.

Kingamwili za ugonjwa huo zinaweza kudanganya kipimo cha kawaida cha kaswende. Vipimo vya RPR na VDRL havitafuti kidudu chenyewe. Vinatafuta kingamwili zinazoshika aina fulani ya mafuta. Hivyo mwanamke ambaye hajawahi kuwa na kaswende anaweza kupewa jibu la pozitifu. Kipimo kingine, kama TPHA, ndicho kinapashwa kuthibitisha. Hii si kusema kaswende ipuuzwe: nayo inaua watoto tumboni, na matibabu ya mama mwenye mimba hayapashwi kucheleweshwa. Lakini karatasi moja isivunje nyumba.

Vipimo vya kingamwili navyo si hirizi. Kile cha kwanza, kinachojulikana kwa herufi ANA, kinaweza kutoka pozitifu kwa mtu mwenye afya njema: hata damu ikizimuliwa mara 160, karibu watu 5 kati ya 100 wasio na ugonjwa wowote wanapatikana nazo. Malaria na kifua kikuu vinaweza pia kuvuruga majibu. Kwa ugonjwa wa kugandisha damu, kipimo kinapashwa kurudiwa baada ya wiki 12 kabla ya daktari kuthibitisha. Kwa hiyo kuleta mashine bila kufundisha waganga wa kusoma majibu yake ni kubadilisha kosa moja kwa lingine.

Hata hivyo, kukosa vipimo kunaumiza zaidi. Mgonjwa mwenye viungo vilivyovimba na homa isiyoisha anaweza kutibiwa malaria na tifoidi mwezi baada ya mwezi, huku figo zake zikiharibika kimya kimya. Na mama aliyepoteza mimba tatu anakosa aspirini ya kiasi kidogo na sindano za heparini ambazo, chini ya uangalizi wa daktari, zinasaidia wengi wenye ugonjwa huo kubeba mtoto hadi kuzaa.

Serikali isiseme haiwezekani. Wakati wa Ebola, kati ya mwaka 2018 na 2020, damu ya wagonjwa ilipimwa Beni, Butembo na Goma, na majibu yalitoka kwa haraka. Njia za kusafirisha damu zilipatikana kwa sababu kulikuwa na nia. Wizara ya afya inapashwa kuhakikisha kwamba kila jimbo lina angalau maabara moja inayopima kingamwili hizi, kwa bei ambayo mkulima na muuza ndizi wanaweza kulipa.

Wakati vipimo vinangojewa, kuna kazi isiyohitaji dola hata moja. Muuguzi amuulize kila mama: umepoteza mimba ngapi, na katika mwezi wa ngapi? Akijibu kwamba ni tatu, asirudishwe nyumbani na lawama. Aandikiwe barua ya kwenda kwa daktari, na mume wake aelezwe kwa nini, mbele yake.