Sanduku la umeme si ujia wa kila waya

Aghalabu familia zetu hulijua sanduku la umeme kwa jambo moja tu: breka ikianguka, mtu huliendea na kuirudisha juu. Mafundi huliita meni swichi, na yaliyomo ndani yake huachiwa wao. Wiki hii tunapenda kulifungua kwa maneno, kwani limo humo jambo ambalo mwenye nyumba anapaswa kulijua hata kama hatashika bisibisi maishani mwake.

Kazi ya sanduku hili ni kugawa. Umeme hutoka kwenye mita, ukaingia katika swichi kubwa, kisha ukagawanywa kwenye breka, kila moja na saketi yake: taa, soketi, jiko, pampu. Breka huchaguliwa kwa kufuata unene wa waya inaoulinda. Waya wa taa wa milimita mraba 1.5 kwa kawaida hupewa breka ya ampea 6 au 10, na mmoja wa 2.5 uendao kwenye soketi aghalabu hupewa ya 20. Waya ukibebeshwa kuliko uwezo wake, breka huanguka kabla ganda halijayeyuka.

Tatizo huanza pale sanduku linapogeuzwa ujia. Mwenye nyumba ameongeza vyumba vya uani na kumwekea mpangaji mita yake. Njia fupi ya kufikia vyumba hivyo hupita pale pale lilipo sanduku la zamani. Fundi hutoboa tundu upande mmoja, akaupitisha waya ndani, akautokeza upande wa pili. Waya huo haufungwi kwenye breka yoyote ya humo. Ni mpita njia tu. Lakini ukifunua kifuniko, huwezi kuutofautisha na wenyeji.

Tutafakari matokeo yake. Siku moja breka moja inanuka moshi. Anaitwa fundi mwingine, asiyejua historia ya nyumba. Anazima swichi kubwa. Taa zinazimika, feni zinasimama, na kila dalili inamwambia kuwa sanduku limekufa. Kumbe ule waya unatoka kwenye mita nyingine, nao una volti 230 kama ulivyokuwa asubuhi. Ikiwa ganda lake limechubuliwa na ukingo wa bati, au akiukata kwa kuudhania kuwa ni wa humo, huenda hatarudi kwa watoto wake. Ni kweli kwamba fundi makini hupima kila waya kwa testa kabla ya kuugusa. Lakini aliyeuacha waya ule bila alama amemtegea mwenziwe mtego.

Wataalamu wameliona jambo hili zamani. Kanuni za Uingereza zijulikanazo kwa jina la BS 7671 zinataka kibao cha onyo kiwekwe mahali penye umeme usioweza kukatwa kwa swichi moja. Kanuni za Marekani, zilizochapishwa mara ya kwanza mwaka 1897 na ambazo hupitiwa upya kila miaka 3, zinaingia ndani zaidi. Haziharamishi waya kupita katika sanduku, bali zinaweka masharti. Kwanza, ukilikata sanduku kwa mawazo mahali popote, nyaya zote zisijaze zaidi ya asilimia 40 ya nafasi iliyopo. Pili, pakiwa na maungio, basi maungio na nyaya kwa pamoja zisizidi asilimia 75. Tatu, juu ya sanduku pabandikwe onyo linalotaja iliko swichi ya karibu ya kuuzimia waya huo mpita njia.

Sharti la nafasi lina hekima yake. Waya unaobeba umeme hutoa joto, na nyaya zilizosongamana huchemshana, kila mmoja ukapungukiwa na uwezo wake. Kadhalika, kila tundu katika bati liwekewe mpira wa kulinda ganda, na waya wa moto upite tundu moja na nyutro yake, kwani zikitenganishwa bati lenyewe hupata joto. Tundu lisilotumika lizibwe. Mijusi na mende hawahitaji mwaliko.

Tulio katika kamati za misikiti na madrasa linatugusa zaidi. Mfadhili mmoja huleta feni, wa pili pampu ya kisima, wa tatu vipaza sauti, na kila mmoja huja na fundi wake. Wote wamekusudia kheri, lakini hakuna hata mmoja aliyelitazama sanduku zima. Baada ya miaka kadhaa limejaa nyaya ambazo hakuna ajuaye ziendako. Sheria yetu inatukataza kujidhuru na kuwadhuru wengine, na nyumba ya ibada inayojaza watu mara tano kwa siku haiwezi kujitoa katika hukumu hiyo.

Basi fundi ajapo, tumuulize maswali manne kabla ya kumlipa. Je, una leseni? Kwa Tanzania Bara hutolewa na EWURA, na kwa Kenya na EPRA. Je, kila waya uliomo humu una breka yake humu humu? Kama upo unaopita tu, unazimiwa wapi, na kibao chake kiko wapi? Je, kila breka imeandikwa inachokilinda? Fundi mwaminifu hatachukizwa. Akisema kuuzungusha waya nje ya sanduku kutaongeza mita kadhaa, tukubali gharama hiyo. Mara nyingi ndiyo njia iliyo salama kabisa.

Na wenye nyumba tusilifungue sanduku wenyewe. Kazi yetu ni kuuliza, kudai alama, na kutunza orodha ya saketi ndani ya mlango wa sanduku, imeandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, ili hata atakayekuja baada yetu ajue kipi kinazimwa wapi.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.