Muhogo Kabla ya Mchoro

Wanachuo wengi waendao mazoezi ya kufundisha Kibaha na Kisarawe huanza somo la seli kwa mchoro ubaoni: ukuta, utando, kiini. Watoto hunakili, hukariri, basi. Kwa maoni yangu mpango huo umepinduliwa. Wilaya hizo zina muhogo kila upande, na muhogo waweza kueleza utando una kazi gani.

Kata vipande viwili vya muhogo mtamu, vilivyo sawa. Kimoja kitie katika maji matupu, cha pili katika maji yenye chumvi nyingi. Baada ya saa kadhaa cha kwanza kitakuwa kikakamavu. Cha pili kitakuwa kimelegea, kwa kuwa maji yametoka ndani ya seli kupitia utando kuelekea penye chumvi nyingi. Hiyo ndiyo osmosisi. Jina lije mwisho.

Lakini usiishie hapo. Katika seli ya muhogo, linamarini hukaa ndani ya kifuko chenye utando wake, na kimeng'enya kiivunjacho kimo katika ukuta wa seli. Utando ukiwa mzima, havikutani. Muhogo ukikwaruzwa au kupondwa hukutana, na sianidi hutoka. Ndiyo sababu muhogo mchungu hulowekwa, huvundikwa na kukaushwa (waulize wanafunzi, wengine watakufundisha wewe). Mwaka 1985 wilayani Tarime, wakati wa ukame, muhogo mchungu usiotayarishwa vya kutosha ulihusishwa na konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu. Kwa hiyo vipande vya jaribio visionjwe kamwe.