Msimfutie Gawain Kovu Lake

Wasee, wiki iliyopita nilijibiwa kuhusu rasimu yangu na tangu hapo sijatulia. Leo posti ni ndefu. Chukua chai, kaa chini.

Mnajua nimekuwa nikipanga kitabu cha picha. Nataka kusimulia upya kwa Kiswahili shairi la Sir Gawain and the Green Knight, lililoandikwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 14. Kurasa 64, michoro yote mkono wangu. Nilituma kurasa 12 za kwanza na mpango wa kitabu kizima kwa mhariri mmoja. Simtaji, na kampuni yake siitaji. Alipenda michoro, na kile kichwa kinachoongea alikipenda sana. Halafu akaniandikia mambo matatu ya kubadilisha: toa pale Gawain anapojikunyata, toa habari ya kuficha mshipi, na mwishoni mfanye arudi nyumbani mshindi. Sababu yake ni kwamba vijana wanahitaji shujaa wa kuiga.

Nimekataa. Pesa nilizihitaji, tena sana, lakini nimekataa. Na nikisoma komenti zenu kwenye ile posti ya mwisho naona wengi mko upande wake. Kwa hivyo hii ni yenu pia.

Kwa wasiojua stori, iko hivi. Ni Mwaka Mpya huko Camelot, Mfalme Arthur na watu wake wako kwenye karamu. Anaingia jamaa mmoja mkubwa ajabu juu ya farasi. Ngozi kijani, nywele kijani, hata farasi kijani. Mkono mmoja ameshika tawi la mti, mwingine shoka. Anasema amekuja kwa mchezo tu: mmoja wenu anipige shoka mara moja, halafu baada ya mwaka mmoja na siku moja nimrudishie. Ukumbi kimya. Arthur anaona aibu, anashika shoka mwenyewe. Ndipo mpwa wake, Gawain, anaomba aachiwe yeye, kwa sababu yeye ndiye dhaifu kuliko wote na akifa hasara ni ndogo. Anakata. Kichwa kinabingirika, watu wanakisukuma kwa miguu. Yule jamaa anakiokota kwa nywele, anapanda farasi, na kichwa kinafungua macho na kusema: tukutane Kanisa la Kijani, Mwaka Mpya ujao.

Mwaka unaisha. Gawain anaondoka na ngao yenye nyota ya pembe tano, alama ya uaminifu wake. Analala nje kwenye barafu akiwa ndani ya vazi la chuma. Mkesha wa Krismasi anafika kwenye ngome fulani na mwenye ngome anampokea vizuri. Wanakubaliana: kwa siku tatu mwenyeji ataenda kuwinda, Gawain abaki apumzike, na kila jioni wabadilishane walichopata. Siku ya kwanza mwenyeji analeta kulungu, ya pili nguruwe mwitu, ya tatu ngozi ya mbweha. Huku nyuma, mke wa mwenyeji anaingia chumbani kwa Gawain kila asubuhi kumtongoza. Gawain anakataa kwa adabu, anaambulia busu tu. Jioni anampa mwenyeji busu zile zile: moja, kisha mbili, kisha tatu. Lakini ile siku ya tatu mwanamke anampa pia mshipi wa hariri wa kijani na kumwambia anayeuvaa hawezi kuuawa. Gawain anauchukua, anauficha. Jioni anatoa busu tatu na kunyamaza kuhusu mshipi.

Asubuhi ya Mwaka Mpya anafika Kanisa la Kijani, ambalo ni kilima tu chenye mashimo na majani. Anasikia shoka likinolewa. Anainamisha shingo. Shoka linashuka, na Gawain anajikunyata mabega. Jamaa wa kijani anamcheka. Mara ya pili Gawain anatulia kama mwamba, lakini shoka linasimama hewani. Mara ya tatu linamkwaruza shingo, damu inadondoka kwenye theluji. Kumbe huyo wa kijani ndiye mwenye ngome, na mambo yote alikuwa anajua. Mapigo mawili ya kwanza hayakumgusa kwa sababu siku mbili za kwanza Gawain alitimiza ahadi. Lile kovu ni bei ya mshipi.

Sasa niambieni. Ukitoa kujikunyata na ukitoa mshipi, kovu linatoka wapi? Mhariri wangu anataka shoka lishuke mara tatu bila sababu, halafu jamaa aende nyumbani. Hiyo si stori, hiyo ni ziara.

Na msiniambie ati kumwonyesha akiogopa ni kumfanya mwoga. Soma tena. Njiani kwenda kanisani, yule anayemwongoza anamwambia: kaka, toroka, nitakutunzia siri, hakuna atakayejua. Gawain anakataa. Anajua anakwenda kukatwa kichwa na bado anakwenda. Huyo si mwoga. Ni mtu jasiri ambaye mwili wake uliogopa shoka kwa sekunde moja, na ambaye alisema uongo mdogo kwa sababu alitaka kuishi. Yote mawili yako ndani ya mtu mmoja, na shairi lina ujasiri wa kuyaacha yakae pamoja. Sisi ndio tunaotaka kuchagua moja.

Nitawaambia kwa nini hili linanigusa. Mwaka wa pili chuoni nilifeli somo moja na nikamwambia mama nimepita. Kila kitu kingine nilimwambia ukweli: pesa ya kodi, rafiki aliyenihamia, hata ile siku nililala njaa. Hilo moja nililificha kwa miezi minane. Alipojua hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mbona hukuniambia? Kwani ningekukula?" Alinisamehe hapo hapo, akaenda kuepua chakula. Mimi ndiye sikuweza kujisamehe, karibu mwaka mzima.

Hiyo ndiyo kurasa za mwisho za Gawain kabisa. Yule wa kijani anamwambia kosa lako ni dogo, ulipenda uhai wako, sikulaumu sana. Anamwita warudi ngomeni wale pamoja. Gawain anakataa. Anarudi Camelot amevaa ule mshipi kama alama ya aibu, anawaonyesha kovu, anaungama mbele ya watu wote. Wao wanacheka kwa upendo, wanakubaliana kila mmoja avae mshipi wa kijani kama wake. Kwake ni aibu, kwao ni heshima. Shairi halikuambii nani yuko sahihi. Nilipofika hapo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Sasa mtu anataka niifute hiyo nichore mshindi na bendera. Vijana wanahitaji shujaa wa kuiga? Mashujaa wasio na doa tunao, tumejaziwa simu nzima. Kila ukifungua skrini kuna mtu wa miaka 22 ana gari, ana mwili, ana mchumba na hajawahi kukosea. Tunawaiga na tunaumwa. Ambaye hatujapata ni mtu anayerudi nyumbani na kusema mbele ya watu: nilikuwa sawa siku mbili, ya tatu nikadanganya, na hii hapa alama yake.

Kuna pia rafiki yangu aliyeniambia nitoe pale Gawain anapowalaumu wanawake. Huyu namsikiliza zaidi ya mhariri, kwa sababu nia yake ni njema. Ni kweli iko: akishakamatwa, Gawain anaanza kutaja Adamu, Solomoni, Samsoni na Daudi, ati wote waliangushwa na wanawake. Inaboo kuisoma. Lakini angalia inapokuja. Inakuja dakika ile ile ametoka kukamatwa na uongo wake mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha kuuficha ule mshipi. Nikiitoa, nitakuwa nimemfanya mwungwana kuliko alivyo. Nikiiacha na kuichora vizuri, kila msichana atakayesoma atamtambua huyo jamaa, na kila kijana wa kiume atajiona kidogo. Nitamchora akipiga kelele, na yule wa kijani ameegemea shoka lake, anamngoja amalize.

Halafu wale wa "hii ni stori ya wazungu, chora Liyongo." Fumo Liyongo nampenda, na siku yake itafika. Lakini kwani kusoma cha wengine kunanipunguzia changu? Filamu ya The Green Knight ya 2021, aliyemwigiza Gawain ni Dev Patel, ambaye wazazi wake wote wawili walizaliwa Nairobi. Watu walilalamika mtandaoni ati Camelot haikuwa na watu wa rangi. Wangesoma. Kuna shairi la Kiholanzi la zama hizo hizo linaloitwa Morien, kuhusu askari mweusi wa farasi anayemtafuta baba yake, na mmoja wa wanaosafiri naye ni Gawain huyu huyu. Milango ya hizi stori haikuwahi kufungwa. Ni wanaozilinda siku hizi ndio wamesimama mlangoni.

Na kisheria hakuna wa kunizuia. Mwandishi hajulikani hata jina, na shairi lenyewe halina hakimiliki ya mtu. Tafsiri za kisasa za Kiingereza ndizo zina wenyewe, kama ya Tolkien na ya Simon Armitage, kwa hivyo hizo nasoma tu, sinakili. Mistari 2,530, beti 101, nimepitia ile ya asili pole pole na kamusi kwa mwaka mzima.

Tena Kiswahili kinaipokea vizuri. Shairi lile halitegemei vina katika mistari yake mirefu. Linategemea sauti moja inayorudi mwanzoni mwa maneno. Sasa sisi lugha yetu inafanya hivyo bila kuombwa: "mikono mikubwa mikavu", "kichwa kile kikubwa kilichokatwa". Kila ubeti unafungwa kwa vijistari vifupi vitano vyenye vina. Hivyo nitaviweka chini ya ukurasa, peke yake, kwa mkono.

Mpango wangu basi ni huu, na haubadiliki. Uwindaji na chumba cha kulala vitakuwa kurasa zinazotazamana: kushoto mbwa wanamfukuza mbweha, kulia Gawain ameshika blanketi hadi kidevuni. Rangi ya kijani nitaibania. Itatokea kwa yule jamaa, kwa mshipi, na ule ukurasa wa mwisho tu. Mapigo matatu ya shoka yanapata kurasa tatu nzima, na ya kwanza inaonyesha mabega yakipanda. Ukurasa wa mwisho, ukumbi mzima umevaa kijani, wote wanacheka, na Gawain katikati hacheki.

Hati ya zamani ya shairi hili ni moja tu duniani. Mwaka 1731 nyumba iliyoitunza London iliungua na maandiko mengi yakaharibika. Hii ikapona, leo iko British Library. Ndani yake kuna picha nne za stori ya Gawain, na watu wengi wamezisema vibaya, ati ni za mkono mzito. Sawa. Lakini huyo mchoraji alikuwa na nafasi nne tu, na bado moja akampa yule mwanamke akiwa kando ya kitanda, na nyingine akaipa Kanisa la Kijani. Hakuyaruka mahali pagumu. Miaka mia sita baadaye, mimi na tableti yangu niyaruke kwa sababu nimeahidiwa hundi?

Nimemjibu mhariri: asante, hapana. Nitaanza kutoa kurasa hapa hapa, mbili kila Ijumaa, bure. Ya kwanza ni kichwa kikiwa sakafuni. Na kama wewe ni wa timu ya "mfanye ashinde", njoo kwenye komenti uniambie hili moja tu: wewe mshipi wako umeuficha wapi?