Limekaguliwa na Nani?

Kuna msemo ambao sisi Wakenya huutamka haraka mno kila linapotokea balaa barabarani: ajali haina kinga. Neno lenyewe, ajali, tulilipata kutoka Kiarabu, ambako ajal ni muda uliokwisha kuwekwa, saa ya mtu kufikwa na mauti. Kwa hivyo anayesema kwamba gari limepata ajali, hata asipokusudia, amekwisha kuikabidhi kudura kazi ambayo huenda ilikuwa ya fundi. Mimi sina ugomvi na kudura. Ugomvi wangu ni na pedi za breki.

Miaka michache iliyopita niliandamana na wanafunzi wangu hadi Wundanyi, katika milima ya Taita, kukusanya msamiati wa Kidawida. Tulikuwa tumekodi basi dogo la shule moja, na kwenye kioo chake cha mbele palibandikwa stika ya ukaguzi, bado mbichi. Siku ya kurudi, tukiteremka kuelekea Mwatate kona baada ya kona, tulinusa harufu ya kitu kinachoungua. Dereva alikanyaga breki, kanyagio likazama hadi chini pasipo upinzani wowote. Alikuwa mtu mzima mwenye moyo mtulivu. Alirudisha gia, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, likakwaruza mwendo mrefu kisha likasimama. Hakuna aliyeumia. Fundi aliyeletwa kutoka Voi alifungua magurudumu, akatuonyesha pedi zilizolika hadi chuma na mafuta ya breki meusi kama kahawa. Mafuta hayo, alitueleza, hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa bila kubadilishwa. Breki zikipata moto katika mteremko mrefu, unyevu huo huchemka, mvuke ukajaa ndani ya mabomba, na mguu wa dereva ukawa unakanyaga upepo.

Msichana mmoja wa mwaka wa pili aliniuliza, "Mwalimu, kwani basi hili si limekaguliwa?"

Nilimjibu kwa swali la darasani: limekaguliwa na nani? Kauli ya kutendwa ina manufaa mengi, lakini ina hila hii moja, kwamba mtenda anaweza kutoweka kabisa na sentensi ikabaki imekamilika. Limekaguliwa. Hatuambiwi aliyelala chini ya gari hilo ni nani, wala kama kuna aliyelala. Hatuambiwi aliona nini. Stika haisemi lolote ila kwamba kitenzi kimetendeka.

Nilipokuwa Uingereza nikisomea shahada ya uzamifu, nilipanga chumba kwa wazee wawili waliokuwa na gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake. Majira yote ya baridi lilisimama uani, na mara moja kwa mwaka likapelekwa kukaguliwa. Nilidhani gari lisilotembea haliharibiki. Kumbe! Mwaka niliokuwapo lilikataliwa. Tairi zilikuwa na meno kama mapya, ila ubavuni mmojawapo ulikuwa umepasuka hadi nyuzi za ndani zikaonekana. Breki ya mkono ilikuwa imeganda kwa kutu. Taa moja ya nyuma haikuwaka kwa sababu nyaya zililiwa na unyevu. Mzee alinung'unika siku nzima, ingawa alirudi na karatasi iliyoorodhesha kila kasoro.

Ukaguzi huo wa Waingereza ulianza mwaka wa 1960 kwa magari yaliyotimiza miaka kumi, nao ulihusu breki, taa na usukani tu. Kufikia 1967 umri huo ulikuwa umeshushwa hadi miaka mitatu. Tangu 2018 kasoro hutengwa kuwa ndogo, kubwa na za hatari. La maana zaidi ni kwamba yeyote mwenye nambari ya usajili ya gari anaweza kusoma katika intaneti lilifaulu lini, lilianguka lini na kwa kasoro gani, tangu 2005. Sisemi kwamba wamekamilika. Wakaguzi wao hawaligusi jiko la gesi la gari-nyumba, ilhali watu hulala kando yake, na cheti chenyewe huzungumzia siku ya ukaguzi tu, si kesho yake.

Basi la shule ni ndugu wa gari-nyumba. Hulala juani likizo nzima, kisha siku ya kufungua shule hudaiwa mwendo wa mamia ya kilomita likiwa limejaa watoto na masanduku. Mwalimu mkuu husema kwa fahari kwamba basi lake halijatembea sana. Hiyo si sifa. Tairi huzeeka likiwa limesimama, na kutu haihesabu kilomita.

Sheria yetu hutaka magari ya abiria yakaguliwe kila mwaka, nami siombi sheria mpya. Naomba orodha. Shule ibandike kwenye ubao wa matangazo kasoro zilizoonekana, tarehe zilipotengenezwa na jina la fundi. Nitaambiwa kwamba walimu si mafundi. Kweli, lakini wanajua kusoma. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 2314 lilitengenezwa juma la 23 la mwaka wa 2014. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuzisoma, na mwalimu wa zamu hawezi kudai kwamba zimemshinda.

Tangu siku ile ya Wundanyi, wanafunzi wangu huzisoma kabla ya kupakia mizigo. Muhula uliopita tuliletewa basi lililopakwa rangi upya, stika kiooni, na tairi moja la nyuma lenye tarakimu 0911. Dereva alicheka. Wanafunzi hawakupanda, nami sikuwaamuru. Tuliondoka saa nne baadaye, kwa basi jingine.