Neno Kabla ya Tiba

Mkazi wa Kebirigo anayempenda mtu wa jinsia yake, au aliyebadili jinsia, akilemewa na sonona atamwendea mshauri nasaha yupi? Mwaka 1990 Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa. Mwaka 2019 likaacha kuhesabu hali ya kubadili jinsia miongoni mwa maradhi ya akili. Basi mshauri anayeahidi "kumponya" mtu huyo hatibu, anajeruhi.

Nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni. Ushauri nasaha hutolewa kwa maneno. "Shoga", jina ambalo wanawake wa pwani huitana kwa mapenzi, limegeuzwa tusi. Anayetukanwa mlangoni atafunguaje moyo? Tuwape washauri istilahi zenye heshima.