Nasaha kwa Wenye Kuwachagulia Wana Shule

Katika jimbo la New Jersey, huko Marekani, kuna wilaya za elimu zikaribiazo 600, nyingine ndogo hata mtu aweza kuzivuka kwa miguu kabla jua halijawa kali, na kila moja ina baraza lake la elimu, hazina yake, na wakazi wake walipao kodi ya nyumba na ardhi ili watoto wapate kusoma. Miongoni mwa wilaya hizo ziko zisizokuwa na shule ya sekondari hata moja. Zina madarasa ya chini tu, na mtoto atimizapo umri wa miaka kumi na minne hivi hapana budi akabidhiwe kwa jirani, kwa mkataba uliotiwa sahihi na kwa karo ihesabiwayo kwa kila kichwa. Basi mkataba ukaribiapo kwisha, au watu wakiingiwa na hamu ya shule nyingine yenye jina kubwa zaidi, wazee wa baraza hukaa kikao, wakafungua madaftari, wakaulizana: wana wetu tuwapeleke wapi?

Swali hilo ni halali, wala simlaumu aulizaye. Nilitakalo ni kuwanasihi waulizao, wawe ng'ambo ile au kwetu, ya kwamba hilo ni nusu ya swali tu. Na nusu ya pili, ambayo aghalabu haitajwi kikaoni kwa kuwa wahusika wake hawana kura pale, ni hii: tukiwaondoa wana wetu shuleni humo, wale watakaobaki tutakuwa tumewaacha katika hali gani? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na sioni mahali ambapo maneno hayo yametimia kwa ukali zaidi kuliko katika vikao vya namna hii.

Mambo yapimwayo na wazee hao yajulikana: karo ni kiasi gani, basi litachukua muda gani, mitihani ilipita vipi, na walimu wa hesabu na sayansi ni wangapi. Mzazi asiyeyauliza hayo ameghafilika na amana yake, maana mtoto asimamaye kizani kwenye theluji akingoja basi la mbali huingia darasani nusu yake imekwisha choka. Ila juu ya mitihani nina neno moja: matokeo yale, yachapishwayo kila mwaka na kushindanishwa kana kwamba ni mbio za ngalawa, mara nyingi hueleza mifuko ya wazazi kuliko ufundi wa walimu, na baraza lihamalo kwa kufuata tarakimu hizo peke yake huenda likawa limefuata utajiri likidhani limefuata elimu.

Nitoe mfano wa jambo lililotokea kweli. Katika kaunti ya Morris, jimboni humo humo, kuna mji uitwao Morristown, wenye eneo la maili 3 hivi za mraba, na pande zake zote umezungukwa na Morris Township, yenye maili za mraba zaidi ya 15, hata ukiitazama ramani utaona umekaa katikati kama kiini cha yai ndani ya ute wake. Hapo zamani sehemu hizi mbili zilikuwa mamlaka moja, zikatengana katika karne ya kumi na tisa. Lakini kutengana kulikuwa kwa karatasi tu, kwani watu wa Township waliendelea kushuka mjini kwa maduka, kwa ofisi, kwa ibada na kwa gari moshi, wakajihesabu na kuhesabiwa kuwa watu wa mahali pamoja. Watoto wao nao, wamalizapo madarasa ya chini, waliingia Morristown High School pamoja na watoto wa mjini, na mwaka 1962 mabaraza mawili hayo yaliandikiana mkataba wa miaka kumi ili mwendo huo udumu.

Miaka ile kumi ikiwa haijesha, ikazuka huko Township rai ya kujenga shule ya sekondari yao wenyewe na kuwatoa wana wao mjini. Waliokuwa na rai hiyo hawakusema kwamba wanamkimbia mtu, na yamkini wengi wao hawakuwa na nia mbaya. Walisema idadi inakua, walisema kila wilaya yastahiki shule yake, walisema mkataba una mwisho na mwisho umekaribia. Yote hayo ni kweli. Ila mjini ndiko walikoishi Wamarekani weusi kwa wingi, na Township wengi mno walikuwa weupe, na kila aliyejua kuhesabu aliweza kuona kwamba mlango ule ukifungwa, shule ya mjini itazidi mwaka hata mwaka kuwa ya watu weusi na ya maskini, itapungukiwa na wanafunzi, na masomo yatakiwayo na wachache yatafutwa mmoja mmoja kwa kukosa watu wa kuyajaza. Na kando yake, mwendo mfupi kwa basi, itakuwapo shule mpya ya weupe, ing'arayo.

Wakazi wa mjini na baadhi ya wakazi wa Township, maana huko nako walikuwapo wenye insafu, wakampelekea kamishna wa elimu wa jimbo shauri lao. Kamishna akalisikiliza, akakiri kwamba kujitenga kule kutaleta madhara, kisha akasema mikono yake imefungwa, kwani sheria haikumpa uwezo wa kuvuka mpaka wa wilaya. Jibu hilo lanistaajabisha kila nilikumbukapo. Ni jibu la mwenye dhamana aliyeona moto akasema ndoo si zake. Shauri likapanda hata Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwezi wa Juni mwaka 1971, katika hukumu iitwayo ya Jenkins, iliyoandikwa na Hakimu Nathan Jacobs, mahakama ikanena kwamba uwezo anao: katiba ya New Jersey ya 1947 imekataza kwa maneno yake yenyewe ubaguzi katika shule za umma, na mpaka uliochorwa na serikali kwa ajili ya wepesi wa utawala hauwezi kuwa ngome ya kuilinda dhuluma dhidi ya katiba hiyo. Kamishna akaruhusiwa kuzuia kujitenga, na zaidi ya hayo akaruhusiwa kuziunganisha wilaya mbili zile ziwe moja.

Akaziunganisha. Ikazaliwa Morris School District, nayo ipo hata leo. Wala muungano haukuishia sekondari, ambako watoto walikuwa wakichanganyika tangu kale. Shule za chini nazo zilipangwa kwa jozi, moja ikichukua madarasa ya mwanzo na mwenziwe yale yafuatayo, hata mtoto wa mjini na mtoto wa Township wakawa hawana njia ya kukua wasionane. Mji umebadilika tangu siku hizo, wamehamia watu wengi watokao nchi za Amerika ya Kati na ya Kusini, na shule imebadilika nao, ila haikugeuka kuwa shule ya kundi moja lililoachwa nyuma na makundi mengine.

Huenda mtu akadhani hayo ndiyo yaliyokuwa desturi ya Marekani nzima. La, hasha. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1974, Mahakama ya Juu ya nchi yote ilipoletewa shauri la Detroit, ambako mji uliojaa watu weusi ulizungukwa na vitongoji vya weupe, mahakimu watano dhidi ya wanne walikataa kuvuka mipaka ya wilaya, na hukumu hiyo ndiyo iliyoachia miji mingi ikauke hivi hivi. Miongoni mwa wale wanne walioshindwa alikuwa Thurgood Marshall, na kwetu sisi jina hilo si geni, kwani mwaka 1960 alikaa katika mkutano wa katiba huko Lancaster House, London, akiwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya, akawaandikia rasimu ya haki za raia. Mtu aliyeyapigania mashauri ya shule za watoto weusi mpaka hukumu ya 1954 iliyoharamisha utengano wa rangi mashuleni ikatoka, akaja akatusaidia sisi kufikiri jinsi ya kuwalinda walio wachache chini ya serikali yetu wenyewe, alijua vema kwamba mpaka wa kiserikali hauna uadilifu ndani yake mpaka watu wautie.

Najua nitakalojibiwa. Nitaambiwa: mwana ni wangu, kodi nimelipa mimi, na sitamtoa mtoto wangu kafara ya maslaha ya jamii. Hoja hiyo ina uzito, na anayeidharau hajapata kulea. Tena ushahidi wake upo, nao ni mchungu: katika kaunti ya Bergen, mji mdogo wa Englewood Cliffs, usio na sekondari, ulikuwa ukiwapeleka watoto wake Dwight Morrow High School, katika mji jirani wa Englewood, mwaka 1985 baraza lake likaomba kuvunja mkataba ili liwapeleke mji wa Tenafly, na shauri likadumu mahakamani miaka mingi, na jibu likawa hapana, kwa sababu kuondoka kwao kungezidisha utengano wa rangi katika shule ambayo tayari karibu wanafunzi wake wote walikuwa weusi na Walatino. Englewood ilishinda mahakamani, lakini watoto wa Englewood Cliffs walioonekana katika madarasa ya Dwight Morrow walikuwa wachache mno, kwa kuwa wazazi wenye uwezo waliwalipia shule za binafsi. Sheria yaweza kuufunga mlango; kumvuta mtu aingie kwa ridhaa yake hilo halimo katika uwezo wake.

Ndiyo sababu maneno yangu nayaelekeza kwa wazazi na wajumbe wa mabaraza kabla ya mahakimu. Morris ilifanikiwa si kwa hukumu peke yake, bali kwa kuwa walikuwapo watu wa pande zote mbili waliolitaka jambo lile kabla halijaamriwa. Englewood Cliffs walikosekana watu kama hao, au walikuwa hawatoshi. Na sheria ya New Jersey hivi sasa inatamka wazi: wilaya itakayo kuacha mkataba ilete uchunguzi uonyeshao madhara ya kimasomo na ya kifedha kwa wilaya zote mbili, pamoja na jinsi uwiano wa rangi za wanafunzi utakavyobadilika. Naisifu sheria hiyo kwa neno moja lililomo, nalo ni "zote mbili". Hata hivyo uchunguzi ule huandikwa kwa malipo ya wale watakao kuondoka, na mtu aliyelipwa na mwenye safari ni nadra kuona kasoro katika njia.

Kwetu pia mambo haya tuliyapitia kwa namna yake. Wenye umri wanakumbuka siku ambapo Mzungu alikuwa na shule yake, Mhindi yake, Mwarabu yake na Mwafrika yake, katika mji mmoja, pwani moja, na fedha ziligawanywa kwa kufuata rangi za wanafunzi. Tanganyika iliuondoa utaratibu huo kwa sheria ulipoanza mwaka 1962, wiki chache tu baada ya uhuru. Lakini rangi ilipoondoka, karo ilikaa mahali pake pale pale, na leo katika miji yetu mikubwa mtoto wa mwenye gari na mtoto wa mwenye mkokoteni hawajuani hata majina, jambo ambalo wazazi wengi hawalisemi ila huling'ang'ania.

Nawasemesha hasa ndugu zetu wasemao Kiswahili walioko Marekani, wa kutoka Kongo, Burundi, Kenya na kwingineko, ambao watoto wao wamo ndani ya shule hizi zinazojadiliwa, na mara nyingi wako upande ule wa wanaoachwa. Vikao vya mabaraza ya elimu huko hufanywa hadharani, na kwa kawaida hutengwa muda wa wananchi kusema. Na sheria ya haki za raia ya 1964 huzilazimu shule zipokeazo fedha za serikali kuu kuwafikishia wazazi habari kwa lugha waifahamuyo. Nendeni. Msingoje mpaka basi limebadilishwa njia ndipo mkalalamike dukani. Dai la kwanza ombeni liwe hili, na mlisisitize mpaka liandikwe katika kumbukumbu za kikao: kabla karo na masafa ya shule mpya hayajasomwa, isomwe taarifa ya shule itakayoachwa, itakuwa na wanafunzi wangapi mwaka wa tano baada ya kuondoka kwa wengine, masomo gani yatafutwa, walimu gani watapunguzwa, na aitwe mwalimu mkuu wa shule hiyo, akae pale mbele, aulizwe.