Mimi, Shemeji Yenu na Bi Mkubwa

Leo naomba niwaambie jambo ambalo majirani zangu wa hapa Chuno wanalijua siku nyingi: nyumbani kwetu tuko wake wawili. Mimi ni bi mdogo. Bi Mkubwa anashinda chini ya mwembe, ana magurudumu manne, na kwa umri wake angekuwa na wajukuu. Ni gari dogo jeupe la Kijapani, limetoka kiwandani mwaka 1998, na herufi za namba yake zinaanza na A. Mnaojua mambo ya namba za magari hamhitaji maelezo. Kijana mwenye namba E akikupita mjini anakutazama kwa huruma, kama vile unatembea pekupeku.

Shemeji yenu alimleta kutoka Dar mwaka 2013, siku zile habari ya gesi ilipokuwa mdomoni mwa kila mtu Mtwara. Mimi nilikuja baadaye, ndiyo maana sijawahi kudai ukubwa.

Sasa vituko vyake. Mlango wa abiria haufunguki kwa ndani. Kila tukifika mahali, shemeji yenu anateremka, anazunguka, ananifungulia. Kwenye maharusi nasikia akina dada wakinong'ona: "Mwone mwenzetu anavyodekezwa!" Sijawahi kuwasahihisha. Kioo cha dereva kinapandishwa kwa viganja viwili, kimoja ndani na kimoja nje. Geji ya mafuta imeganda kwenye nusu tangu mwaka tuliooana, kwa hiyo sisi ni matajiri wa nusu tangi siku zote, na petroli tunaipima kwa kuhesabu kilomita. Honi inajilia yenyewe ukikata kona ya kushoto; tumeshasalimiana na watu wengi sana tusiowajua. Na jua likiwa kali, ukimzima sokoni hawaki tena mpaka apumzike dakika 20. Mimi nimejifunza: nazima gari, nanunua nyanya, vitunguu na mchicha kwa nafasi, samaki nanunua mwisho kabisa.

Mtauliza, kwa nini msimuuze? Jamani, mmuuzie nani, na mnunue nini? Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda tangu mwaka 2018 imepiga marufuku kuingiza yaliyozidi miaka 15. Kwetu Tanzania gari kuukuu linaingia, ila likizidi umri uliowekwa linalipiwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Gari jipya kidogo lina bei yake, kuukuu lina ushuru wake, na sisi tuna nyumba inayosubiri bati. Bi Mkubwa mwenyewe akiuzwa leo atarudisha pengine bei ya bodaboda. Na akilala tu pale chini ya mwembe hana anachotudai. Ile ada ya mwaka tuliyozoea kuiita rodi laisensi ilifutwa mwaka 2017, ikafidiwa kwa kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Bima tu ndiyo tunayokata. Kwa hiyo wengi wetu tunaishi na magari haya si kwa mapenzi, ni kwa hesabu.

Ila kuishi nayo huku Kusini kuna jasho lake. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi haina huruma na bati la gari. Joto nalo linaua betri mapema. Fundi akikuna kichwa na kusema "hii mpaka Dar", simu inapigwa Gerezani, Kariakoo, kifaa kinafungwa kwenye boksi na kupandishwa basi, zaidi ya kilomita 500 mpaka stendi yetu. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kule Somanga, mkoani Lindi, pampu yetu ya maji ilikuwa huko njiani imekwama pamoja na abiria. Tulitembea kwa miguu na bajaji, tukawaombea dua watu na pampu kwa pamoja.

Haya yote yanachekesha, na ndiyo hatari yake. Ukishazoea kucheka, unacheka hata pasipo pa kuchekea.

Mwaka 2022 kituko kipya kilizaliwa. Pedeli ya breki ukiikanyaga inazama. Ukikanyaga mara ya pili inashika. Shemeji yenu aliliona hilo kama la honi tu. "Ukishamzoea hana shida," akaniambia. "Unapampu mara mbili, anasimama." Jumamosi moja tulikuwa na harusi Mikindani. Barabara ile mnaijua, ndiyo ya kwenda Lindi, malori ya saruji na ya mizigo yako mbele yako na nyuma yako. Hatujatoka mjini nikahesabu: moja, mbili, tatu. Alikanyaga mara tatu ndipo tukasimama, karibu kabisa na mkia wa bajaji. Nikamwambia anifungulie mlango. Akadhani natania. Nikateremka na sare yangu, nikapanda daladala, nikafika Mikindani kwa nauli yangu.

Siku tatu hatukuelewana. Yeye alisema nimemwaibisha mbele za watu. Mimi nilisema afadhali aibu. Siku ya nne tulikwenda gereji wote wawili, hilo ndilo sharti nililoweka, wote wawili. Fundi akalifungua gurudumu la nyuma, akapitisha kidole kwa ndani, kikatoka kimelowa mafuta ya breki. Silinda ya gurudumu ilikuwa inavuja. Akatueleza kwa upole, kama mwalimu wa awali: unapokanyaga mara ya pili gari halijakuzoea wala wewe hujalizoea, unasukuma tu mafuta yaliyobaki, na siku yakiisha utakanyaga mara 10 na halisimami. Akaongeza kwamba mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pwani ni unyevu mtupu, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi hata kama hayavuji.

Shemeji yenu hakusema kitu. Pesa ya bati ikapungua, na Bi Mkubwa akalala gereji wiki tatu.

Kilichobadilika kwetu ni daftari. Tulinunua daftari la shule, tukapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja tukaandika VITUKO: mlango, kioo, geji, honi, usingizi wa mchana. Upande wa pili tukaandika HATARI: breki, matairi, usukani, taa za usiku, harufu ya petroli, mshale wa joto ukipanda. Sheria ni moja. Kituko tunakivumilia mpaka pesa ipatikane. Hatari inalaza gari siku hiyo hiyo, na yeyote kati yetu akiandika upande wa hatari, mwenzake haruhusiwi kubisha mpaka fundi aseme. Hakuna "mimi ndiye dereva". Hakuna "wewe mwanamke unajua nini".

Na kuna ukurasa wa kwanza kabisa, ambao niliudai kwa nguvu zote: jinsi ya kumwasha. Maana nawaambieni, gari kuukuu lina siri, na mwenye siri ndiye mwenye gari. Nina mashosti wangapi wenye leseni halali pochini, lakini gari la nyumbani hawaligusi kwa sababu "linataka kuzoewa"? Mume akisafiri, gari linabaki kuwa banda la kuku. Shemeji yenu aliniandikia hatua kwa hatua: fungua swichi, usipige stata, sikiliza pampu ya mafuta inavyolia nyuma, ikinyamaza, piga, usikanyage mafuta, akikohoa zima, hesabu mpaka 10, rudia.

Novemba 2023, msimu wa korosho umepamba moto, yeye yuko Tandahimba kikazi. Saa 8 usiku mdogo wetu alianza kubanwa na pumu. Ile ya kuvuta pumzi mpaka mbavu zinaonekana. Nikampigia kijana wa bajaji, simu imezimwa. Wa pili, imezimwa. Jirani akatoka na kanga mbili, akampakata mtoto kiti cha nyuma. Nikakaa nyuma ya usukani na daftari mapajani, tochi ya simu mdomoni. Swichi. Pampu ikalia. Ikanyamaza. Nikapiga. Akakohoa. Nikazima, nikahesabu mpaka 10, na hiyo 10 ilikuwa ndefu kuliko wiki tatu za gereji. Nikarudia, akawaka. Kona ya kushoto tulipiga honi, mtaa mzima ukaamka, na mimi sikujali. Tulipofika hospitali ya Ligula nikakanyaga breki mara moja tu, gari likasimama. Muda si mrefu mtoto alikuwa amewekewa kifaa cha kupumulia usoni, anavuta pumzi, ananiangalia.

Alfajiri nikampigia baba yake. Aliuliza habari ya mtoto, akashukuru Mungu, kisha akanyamaza kidogo. "Uliwasha vipi?" Nikamjibu: "Ukurasa wa kwanza."

Basi wenzangu mnaoishi na mabi wakubwa wenu, ya kwangu ni haya. Nendeni gereji wawili, hata kama mmoja wenu hajui plagi wala oili. Anayelipa na anayepanda wote wana haki ya kusikia. Angalieni matairi, hasa ya mtumba: pembeni kuna tarakimu nne, ukiona 2319 jua lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa mazuri na mpira umeshakauka. Gari likichemsha, usifungue kifuniko cha rejeta likiwa la moto, maji yale yana mgandamizo na yanaunguza uso. Fundi akikwambia dawa ya kuchemsha ni kutoa thamosta, muulize kwanza kinachochemsha ni nini. Ukiitoa injini inachelewa kupata joto lake na inakula mafuta zaidi, na ugonjwa wenyewe uko palepale. Na kubalianeni mapema, mkiwa hamjakasirikiana, siku ya kuagana. Sisi tumesema matengenezo ya mwaka mmoja yakizidi bei ya kumuuza, Bi Mkubwa anaondoka bila kesi.

La mwisho, kwa sababu ukurasa huu ni wa mapenzi na si wa gereji. Ndoa nayo ina vituko na ina hatari, na wengi tunaandika vyote upande mmoja. Kukoroma ni kituko. Kuacha taulo lililolowa kitandani ni kituko. Mama mkwe kukaa miezi miwili badala ya wiki mbili, vumilia, ni kituko. Lakini kunyanyuliwa mkono si kituko. Mshahara kupotea kila mwezi bila maelezo si kituko. Kukatazwa kumpigia simu mama yako si kituko. Ukijisikia unasema "nimeshamzoea", jiulize umezoea honi au umezoea breki. Na kama ni breki, teremka kwanza. Mazungumzo yatafanyika gari likiwa limesimama.

Kwetu mwezi huu upande wa hatari hauna kitu. Upande wa vituko umeongezeka mmoja: wipa zimeanza kujiwasha zenyewe, jua linawaka na sisi tunafuta kioo kikavu. Shemeji yenu anasema Bi Mkubwa anajua mvua itanyesha. Nimeliandika hivyo hivyo, kwa maneno yake.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.